Bibi Asema Kitabu Kichomwe Moto

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tunakaa Maweni, hapa Malindi. Mwanangu ana miaka 11, na binamu yake kamletea kutoka Nairobi kitabu cha katuni za Kijapani, cha mtoto wa jicho moja aitwaye Kitaro. Ni mizuka mwanzo mpaka mwisho, lakini mtoto anacheka hadi ashika mbavu. Mama mkwe alikifungua pale penye jicho lenye mikono na miguu linaoga ndani ya bakuli, akaitisha kiberiti. Asema kitatuletea majini nyumbani. Nikichome au nikifiche?
Mama wa Maweni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikichome, wala usikifiche. Kitu kikifichwa ndipo mtoto anapokitafuta kwa udi na uvumba.

Kitabu hicho nakijua. Hapa kwangu Langoni, Lamu, kimekaa tangu Ramadhani, kina doa la mafuta ya mahamri, maana wajukuu walikuwa wakikisoma barazani baada ya tarawehe. Hilo jicho lililomtisha mkweo ni baba mzazi wa Kitaro. Alikufa kwa maradhi, mwili ukaoza, na kwa kutotaka kumwacha mwanawe peke yake duniani, jicho lake moja likaota kiwiliwili kidogo likabaki. Linakaa kwenye nywele za mtoto, linamshauri na kumwonya, na raha yake kubwa ni kuoga maji moto kwenye bakuli la chai. Wajukuu walipofika hapo waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Babangu alifia baharini nikiwa na miaka tisa, na nilipoliona lile jicho likimwuliza mwanawe habari zake, nilikiweka kitabu chini nikanyamaza kidogo.

Kesho yake nikamkuta yule mdogo jikoni. Kachukua kikombe cha kahawa, katia gololi ndani, anaimwagia maji ya vuguvugu kwa kijiko, taratibu kabisa, huku akiuliza: "Baba, nikuongeze maji moto?" Mwanangu, huyo si mtoto aliyeingiwa na jini. Huyo anacheza kumtunza baba.

Dada yake hamjali sana Kitaro. Yeye kamshika Nezumi Otoko, yaani Mtu-Panya, asiyeoga, awauzaye rafiki zake kwa pesa kisha arudi kama hakutokea jambo. Aliuliza kwa nini wanampokea kila mara. Wakabishana mpaka saa nne usiku, kila mmoja akimfananisha na mtu wa mtaani kwetu, ikabidi niwanyamazishe maana madirisha ya jirani yalikuwa wazi.

Sasa nije kwa mkweo, kwani naona yeye ndiye mwenye ufunguo wa jambo hili. Mchoraji wa katuni hizo, Shigeru Mizuki, alizaliwa mwaka 1922, akakulia Sakaiminato, huko Japani, mji wa bandari kama huu wetu. Utotoni mwake alikuwako bikizee aliyemsimulia habari za mizuka, na hakuzisahau maisha yake yote. Akapelekwa kwenye Vita Vikuu vya Pili, na huko Rabaul, visiwani Pasifiki, akapoteza mkono wa kushoto kwa bomu. Akarudi kwao, akachora kwa ule mmoja uliobaki. Na alichokichora ni nini? Ni yale yale ya bikizee, kama huyo mzuka wa Kijapani anayelamba uchafu wa bafu usiku. Kwa hiyo bibi wa nyumbani kwako hana haja ya kukigombeza kitabu. Kimetoka kinywani mwa bibi mwenziwe.

Mkalishe, umwonyeshe miguu ya Kitaro tu. Amevaa viatu vya mbao. Mamangu mkubwa, mwenye miaka themanini na kitu, naye hakutaka kukitazama, hadi alipoviona hivyo viatu: "Ati huyu kavaa mitawanda!" Akaanza kutueleza jinsi mitawanda ilivyokuwa ikilia sakafuni alipokuwa mwari, na kutoka hapo akaingia kwenye kinyamkera, yule wa kwenye kimbunga cha vumbi, na kwa nini watoto walikatazwa kukaa mlangoni magharibi ikiingia. Wajukuu wakakiacha kitabu wakamsogelea yeye.

Ya majini na dini, muulize mwalimu wa chuo cha Kurani, hayo yana wenyewe. Mimi nakwambia nilichokisoma: sikuona humo kafara wala maneno ya kuita kitu. Na mtoto akiogopa kwenda chooni usiku, mshike mkono umpeleke. Usimcheke.

SWALI: Nilinunua kitabu kimoja cha manga, yaani katuni za Kijapani, hapa Malindi, nikakuta kimepigwa chapa kinyume, mwisho uko mwanzo. Muuza akataa kunirudishia pesa. Nifanyeje?
Msomaji, Malindi

JIBU: Muuza hana kosa. Katuni za Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na siku hizi wafasiri wengi huacha kurasa zilivyo. Kifungue kama unavyofungua msahafu, kisha anzia kisanduku cha juu kulia. Watoto wa chuo hapa Lamu hawakufundishwa na mtu. Mkono ulikwenda wenyewe.

SWALI: Nina miaka 24, ni fundi wa majahazi. Wenzangu wananicheka kwa kusoma katuni za Kitaro, eti "vitabu vya watoto", wakati wa mapumziko. Niache?
Kijana wa Matondoni

JIBU: Usiache. Mwaka 2007, kule Angoulême, Ufaransa, kitabu cha Mizuki kuhusu utoto wake na yule bikizee kilipewa tuzo ya kitabu bora cha katuni cha mwaka, na waliochagua walikuwa watu wazima. Mwenyewe alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 93, na huko Sakaiminato wamempangia mizuka yake ya shaba nyeusi kandokando ya barabara, watu wanapita wakiishikashika vichwa. Wasomee wenzako kwa sauti ile sura ya Mtu-Panya, mchana, kabla hamjarudi kazini. Kisha niandikie waliitikiaje, nataka sana kujua mafundi wa Matondoni wanamwonaje.