Sisimizi na maji moto

Dadangu, umeuliza kama sisimizi huumia ukiwamwagia maji moto jikoni. Miili yao hutambua joto na jeraha, ndiyo maana hukurupuka. Kama wanahisi uchungu kama wetu, wanasayansi bado hawajakata shauri, lakini asikwambie mtu kuwa ni vimashine tu. Mwaka 2022 watafiti wa London waliwawekea nyuki, wale wanene wenye manyoya, maji ya sukari mahali penye joto la nyuzi 55. Walipakwepa, ila utamu wa huko ulipozidi wa penginepo, wengi walivumilia. Huko ni kupima faida na maumivu! Na sungusungu weusi wanaovamia mchwa huwabeba majeruhi wao hadi kiotani, wakawalamba vidonda.

Mimi hapa Kisauni maji moto nimeacha. Jana walijipanga kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Nikapangusa njia kwa kitambaa chenye siki, harufu wanayoifuata ikapotea. Wakasimama pale wakipapasa hewa, mmoja mmoja wakageuka. Kopo nalo liweke ndani ya sahani ya maji, hawavuki.