Maswali ya Wasomaji: Tetemeko na Volkano Havipimwi kwa Mizani Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa nyumbani Bukoba, alasiri, nikimenya ndizi, ardhi ilipotikisika na ukuta wa jikoni ukapasuka kuanzia dirishani hadi chini. Redio ikatangaza baadaye kwamba tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Shemeji yangu, aliyekuwa akiishi Goma wakati volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, kila tukikutana husema kwamba sisi hatukuona kitu. Nimetafuta namba ya mlipuko wao ili nimalize ubishi huu, na nilichokipata ni namba ndogo kuliko yetu. Je, nimeshinda? (Msomaji wa Bukoba)

JIBU: Hujashinda, na shemeji yako naye hajashinda, kwa sababu namba mnazozishindanisha hazikutoka katika mizani moja. Mmekuwa kama watu wanaobishana iwapo kilo tano za mchele ni nyingi kuliko lita moja ya mafuta ya taa.

Tuanze na namba yako. Hiyo 5.9 inaeleza kilichotokea chini ya ardhi, kwenye ufa wa miamba uliochanika, wala haielezi kilichotokea jikoni kwako. Kipimo cha kwanza cha aina hiyo kilibuniwa na Charles Richter huko California mwaka 1935, naye alikadiria ukubwa wa tetemeko kwa urefu wa mawimbi yaliyochorwa na chombo cha kunasa mitetemo, baada ya kuzingatia umbali wa chombo hicho kutoka kwenye kitovu. Vyombo vyetu vya habari bado vinapenda kusema "kipimo cha Richter", na sioni haja ya kumgombeza mtu kwa hilo, lakini namba zinazotangazwa siku hizi kwa matetemeko makubwa hutokana na kipimo cha Thomas Hanks na Hiroo Kanamori cha mwaka 1979, ambacho huzingatia eneo la ufa lililochanika, umbali ambao pande zake mbili zimesogea, na ugumu wa mwamba wenyewe. Kilibuniwa kwa sababu kipimo cha Richter kilikuwa kinapwaya kwa matetemeko makubwa sana, kikiyapa namba zinazokaribiana ingawa moja lilikuwa limelizidi jingine mara nyingi.

Wengi hupotoshwa na hatua za kipimo hicho. Kutoka 5 kwenda 6 mtetemo unaochorwa na chombo huongezeka mara 10, na nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Ukipanda hatua mbili, nishati huwa imeongezeka mara 1,000. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa kupimwa barani Afrika, lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4. Kwenye karatasi linalizidi la kwenu kwa 1.5 tu, lakini kwa nishati linalizidi kwa karibu mara 180.

Sasa nikupe mfano utakaokuonyesha udhaifu wa namba yako. Tarehe 17 Julai 2007 kulitokea tetemeko jingine Tanzania, karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, na ukubwa wake nao ulikuwa 5.9. Lilitikisa hadi Nairobi, ambako watu walishuka mbio kutoka kwenye maghorofa, lakini halikuacha misiba kama ya mkoa wenu wa Kagera, ambako watu wasiopungua 17 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Gelai ni nchi ya wafugaji, yenye watu wachache na maboma yaliyojengwa kwa miti na udongo, ambayo hunesa na hayamwangukii mtu kwa uzito wa tofali. Kagera kuna watu wengi, na nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma zilizoshikanishwa kwa udongo badala ya saruji, bila lenta ya zege inayozunguka kuta zote na kuzifunga pamoja. Ukuta wa namna hiyo hubeba paa vizuri kwa miaka 30, maana uzito wa paa huelekea chini. Ardhi inapousukuma ubavuni, hauna cha kuushika. Mpasuko wako ulianzia dirishani kwa sababu pembe ya dirisha ndipo nguvu hiyo hukusanyika. Mwite fundi auangalie, na umzuie asiufunike kwa lipu kabla hajajua umeingia ndani kiasi gani.

Kwa ajili ya mambo kama hayo ya jikoni kuna kipimo cha pili, kinachopima makali ya mtikisiko mahali ulipo. Chanzo chake ni Giuseppe Mercalli, padri wa Kiitalia, ambaye ajabu ni kwamba alijulikana pia kama mtaalamu wa volkano. Kipimo chake, kilichorekebishwa baadaye na wengine, kina ngazi 12 zinazoandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Kwenye ngazi ya IV sahani hugongana kabatini. Kwenye ya VI kila mtu huhisi, na vipande vya lipu huanza kudondoka. Ya XII ni maangamizi matupu. Ukubwa ni nguvu ya mkono wa mpiga ngoma, nao ni mmoja tu. Makali ni sauti inayomfikia kila msikilizaji, nayo hutegemea umekaa wapi na kuta zako ni za nini. Kwa hiyo tetemeko moja lina namba moja ya ukubwa na namba nyingi za makali, na mtangazaji anayesoma ya kwanza peke yake hajakwambia habari nzima. Mwaka 2010 Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8 na Haiti ikapigwa na la 7.0. La Chile lilitoa nishati mara 500 ya lile la Haiti, likaua watu wapatao 500. La Haiti liliua zaidi ya 100,000.

Namba ya shemeji yako ni ya ukoo mwingine kabisa. Kipimo cha ukali wa milipuko ya volkano kilitungwa na Chris Newhall na Stephen Self mwaka 1982, kina ngazi kutoka 0 hadi 8, na msingi wake ni wingi wa majivu na mawe yaliyorushwa angani pamoja na kimo cha wingu lake. Mount St. Helens ya Marekani, mwaka 1980, ilipewa 5 kwa kurusha takriban kilomita moja ya ujazo; Pinatubo ya Ufilipino, mwaka 1991, ilipewa 6; na Tambora ya Indonesia, mwaka 1815, ilipewa 7. Ngazi moja ya juu, kwa sehemu kubwa ya kipimo hicho, ni mara 10 ya vitu vilivyorushwa.

Zingatia neno hilo: vilivyorushwa. Zaha, yaani mwamba ulioyeyuka unaotoka mlimani, inapotiririka haihesabiwi. Nyiragongo hairushi sana. Zaha yake ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, na mwaka 1977 ziwa la zaha lilipopasua mlima na kumwagika, inakadiriwa lilikimbia kwa kasi inayofikia kilomita 60 kwa saa, ambayo ni kasi ya daladala kwenye lami. Tarehe 17 Januari 2002 zaha ilikata mji wa Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaingia Ziwa Kivu, na watu wapatao 400,000 wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Mlipuko huo kwenye kipimo cha Newhall na Self uko kwenye ngazi za chini kabisa. Kipimo hakikukosea, kwani kiliulizwa swali jingine.

Ukitaka kulazimisha ulinganisho, unaweza kutumia nishati, lakini itakuumiza. Tukichukua kadirio la mita za ujazo milioni 20 za zaha kwa mwaka 2002, joto lililotoka zilipopoa linaizidi nishati ya mawimbi ya tetemeko lenu kwa zaidi ya mara 1,000. Hata hivyo joto hilo lilitoka kwa siku na majuma, na watu walikuwa na muda wa kubeba watoto na magodoro. Lenu lilimaliza kazi yake kabla hujaweka kisu chini. Mimi ningeulinganisha muda wa kukimbia kabla ya kulinganisha nishati.

SWALI: Nilikuwa Nairobi Julai 2007, na baada ya majuma machache tukasikia volkano ya Ol Doinyo Lengai imelipuka. Je, tetemeko liliuamsha mlima? (Msomaji wa Nairobi)

JIBU: Vipimo vilivyochukuliwa na satelaiti vilionyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka ulio bado chini ya ardhi, ilijipenyeza kama ukuta mwembamba uliosimama wima ndani ya miamba ya eneo la Gelai, na matetemeko yale, ambayo yalikuwa mfululizo wa majuma kadhaa, yaliandamana na upenyezaji huo. Lengai ilianza kulipuka kwa nguvu mapema Septemba. Ni salama zaidi kuyaona yote mawili kama matokeo ya mvutano uleule unaolitanua Bonde la Ufa kuliko kusema kwamba moja lilimzaa mwenziwe. Kwa kawaida tetemeko lililotokea mbali haliamshi mlima ambao haukuwa tayari.

SWALI: Huku kwetu Goma mbuzi hufa kwenye mabonde madogo bila zaha wala moshi kuonekana. Je, hayo mazuku yana kipimo? (Msomaji wa Goma)

JIBU: Yanacho, ingawa hakihusiani na ngazi tulizozitaja. Mazuku, neno la kwenu ambalo sasa wanasayansi wa nchi nyingine wanaliandika kama lilivyo, ni hewa ya ukaa inayopenya kutoka ardhini na kutuama kwenye mashimo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hupimwa kwa asilimia: ikizidi 10, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache. Kipimo hicho lazima kiambatane na kimo kutoka ardhini, kwa sababu mtu mzima anaweza kusimama mahali fulani akapumua vizuri, huku mbuzi anayekula majani miguuni pake, au mtoto aliyechuchumaa, akiwa kichwa chake kimezama ndani ya gesi isiyoonekana. Usiku usio na upepo na alfajiri ndipo hujaa zaidi.