Moto mmoja, kazi nne: asubuhi za Julai na watoto wadogo Mbeya

Shule zikifunguliwa Julai baada ya likizo ya katikati ya mwaka, nyumba yenye watoto wawili watatu wadogo pale Uyole, Isyesye, Mafinga au Njombe huwa imeingia kwenye wiki ngumu kuliko zote za mwaka. Baridi iko kileleni. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe imepanda zaidi, na kule Kitulo asubuhi nyasi huamka zimeganda. Halafu kuna jambo ambalo waliohamia kutoka Pwani huchelewa kuling'amua: jua la Julai Mbeya huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, takriban dakika 25 nyuma ya Dar es Salaam, maana huku ni magharibi zaidi na saa za ukutani ni zile zile. Kengele ya shule haisubiri jua. Mtoto wa darasa la awali anaamshwa, ananawishwa, analishwa na kuvalishwa gizani.

Wazazi wengi hujibu kwa kuamka mapema zaidi. Saa 11 inarudi saa 10 na nusu, mama anashinda na usingizi, na mtoto bado anatoka bila kumaliza uji. Ukikaa ukatazama asubuhi hiyo inavyokwenda, utaona foleni iko jikoni. Moto ni mmoja na kazi ni nne: maji ya kuwanawisha watoto, uji, chai ya wakubwa, na kupasha kile cha kubeba shuleni. Anayeamka saa 10 na nusu ameongeza tu muda wa kusimama kwenye foleni hiyo. Dawa ni kuipunguza, na kazi nyingi za kuipunguza hufanyika jana yake.

Anza na maji ya watoto, kwa sababu ndiyo yanayokula moto kuliko vyote. Yachemshe usiku, kama saa 3, jiko likiwa bado na moto wa chakula cha jioni, uyatie kwenye chupa ya chai ya lita 3. Chupa nzima itakupa maji ya moto kabisa saa 12 asubuhi. Ikikupa ya uvuguvugu, usiilaumu kabla hujaangalia ulivyoijaza. Chupa baridi hunyonya joto la maji ya kwanza, hivyo tangulia kuisuuza kwa kikombe cha maji ya moto, yaache humo dakika tano, mwaga, ndipo ujaze. Jaza hadi shingoni. Iliyojaa nusu hupoa haraka zaidi. Tazama mpira wa kifuniko, ukikauka na kupasuka mvuke hutoka usiku kucha. Na ukishika ubavu wa nje ukakuta una joto, kioo cha ndani kimeharibika: badilisha kioo, si lazima ununue chupa nyingine.

Asubuhi, lita 3 hizo kwa lita 4 za maji baridi zinatoa lita 7 za vuguvugu zuri. Zinatosha kunawisha watoto wawili uso, mikono, miguu na sehemu za siri. Baridi itangulie kwenye beseni, ya moto ifuate. Wanaoanza na ya moto wakageuka kuchota ya baridi ndio wanaopata ajali ya mtoto kuingiza mkono, na hiyo hutokea katika sekunde tano za kugeuka. Jaribu kwa kiwiko. Kiganja cha mtu mzima anayeosha masufuria kila siku hakiaminiki.

Kuogesha mwili mzima asubuhi ya Julai kuna sababu gani, hasa kwa mtoto aliyelala safi? Mwogeshe alasiri, kati ya saa 9 na saa 10, jua likiwa bado na nguvu. Maji ya hapo hayahitaji hata moto mwingi. Dumu la lita 20 la rangi nyeusi au ya giza, likiegeshwa kwenye ukuta unaopigwa na jua tangu saa 4 asubuhi, huwa limekata ubaridi, na birika moja la maji ya moto linamalizia kazi. Julai ya Mbeya anga ni jeupe, hivyo mbinu hii haisumbui. Tukuyu na Mufindi, kwenye ukungu na manyunyu, usiitegemee. Baada ya kuoga usimfute mtoto hadi akakauka kabisa. Mpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, mashavuni, kwenye midomo na visigino. Mafuta kwenye ngozi iliyokwisha kukauka hung'arisha zaidi kuliko kuzuia kupasuka.

Sasa uji. Kwa watoto watatu, kikombe kimoja cha unga wa ulezi kwa vikombe vitano vya maji. Usiku koroga unga na vikombe viwili vya maji baridi kwenye bakuli, funika, acha. Kyela, kwa joto la kule, bakuli hilo lingeamka lina povu na uchachu mkali. Uyole ya Julai linaamka na uchachu wa mbali tu, ambao watoto wengi wanaupenda. Asubuhi chemsha vikombe vitatu vilivyobaki, mimina mchanganyiko wako wa usiku polepole huku mwiko ukizunguka, kisha punguza moto na uache uive dakika 15 hadi 20. Usikate muda huo. Kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, hayafiki 100, na ndiyo maana uji, maharage na makande vya huku huchelewa kuiva kuliko vya Tanga. Mabonge hutokea kwa sababu moja: unga mkavu kukutana na maji yanayochemka.

Kuna wanaopika uji usiku na kuujaza kwenye chupa ya chai. Kama umetiwa maziwa, chupa hiyo inageuka kiota cha vijidudu, na asubuhi inanuka. Kama ni wa maji matupu, unakuwa mzito na kuganda chini, na kuisafisha ni kazi ya mchana mzima. Pika asubuhi, maziwa na sukari vije mwishoni. Kwa aliyetimiza miezi sita uji wake uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, uongezwe parachichi lililopondwa. Parachichi la Rungwe na Njombe ni chakula cha mtoto kilicholala mlangoni, na bado watu hapa hapa wanapita nalo kwenda kutafuta kopo dukani. Na zile unga za lishe za nafaka saba pamoja na karanga na soya, mimi sizishauri. Karanga zikisagwa humo mafuta yake huchacha, na zikiwa na ukungu huleta sumukuvu usiyoiona. Soya isiyokaangwa vizuri humvuruga mtoto tumbo. Saga ulezi peke yake, karanga nzuri ponda kidogo kidogo na utie wakati wa kupika.

Cha kubeba shuleni kiive jioni. Viazi mviringo vichemshwe na maganda, vikae hivyo hivyo usiku. Vimenywe asubuhi na kupashwa kwa mfuniko na vijiko vitatu vya maji, dakika tano, moto ule ule uji ukishaipuliwa. Ukivimenya usiku vinakauka juu na kuwa na ngozi ngumu ambayo mtoto wa miaka mitano atairudisha nyumbani yote. Maharage ya wiki yachemshwe mara mbili tu, Jumapili na Jumatano: loweka usiku mzima, mwaga maji hayo, yachemshe hadi yalainike kabisa, gawa kwenye vyombo.

Wenye mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu watakutana na kioja: jioni moto ulikuwa wa bluu na wenye nguvu, asubuhi umekuwa mdogo kama wa kibatari, ilhali gesi imo. Ubaridi unapunguza msukumo wa gesi ndani ya mtungi, na ukiwa umebaki kidogo unajionyesha zaidi. Usiuweke mtungi moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, weka ubao chini. Usiupashe kwa makaa wala kwa maji yanayochemka, hata kama jirani anafanya hivyo kila siku. Mtungi ukifika hali hiyo, utumie kwa chai ya mchana na uwe na mwingine wa asubuhi, au mkaa.

Na mkaa ndio unaotaka maneno makali. Jiko la mkaa lisiingie chumba wanacholala watoto. Wengi wanajua moshi ni mbaya, hivyo wanasubiri makaa yawe mekundu, moshi uishe, ndipo waliingize ndani na kufunga mlango na madirisha. Hapo ndipo hatari inapokaa. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na hata yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kuitoa. Huingia kwenye damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito, na kwa mtoto aliyekwisha kulala hakuna wa kulalamika. Ukiona hata dalili moja, toa watu wote nje kwenye hewa kwanza, kisha hospitali. Jiko litashughulikiwa baadaye.

Joto la chumba litafutwe kwingine. Baridi kubwa inatoka chini, kwenye saruji, kuliko juu: tandaza maboksi na mkeka chini ya godoro kabla ya kuongeza blanketi la nne. Dumu la lita 3 la plastiki nene, maji ya moto yasiyochemka, kifuniko kikazwe, lifungwe kwenye sweta kuukuu, likae kitandani nusu saa kabla ya watoto kulala, kisha litolewe. Mtoto mchanga usimwekee kabisa. Kwake nguo mbili tatu nyepesi ni bora kuliko blanketi zito, na uso usifunikwe, hata akiwa mgongoni kwenye kitenge. Ukitaka kujua kama ana baridi, gusa shingo au kifua. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa sawa. Ukikuta jasho shingoni, punguza nguo, kwa sababu fulana yenye jasho ndiyo itakayompoza alfajiri.

Kuvaa nako kuna ufundi. Shati na kaptula au sketi ya shule vikunjwe vizuri na kulazwa kati ya mkeka na godoro: asubuhi vimenyooka bila pasi. Fulana ya ndani, soksi na sweta viingie chini ya blanketi mtoto akiwa bado amelala, dakika kumi kabla ya kumwamsha. Anza na soksi akiwa bado amelala. Halafu juu, halafu chini. Usimvue vyote kwa pamoja akabaki anatetemeka katikati ya chumba, maana hapo ndipo kilio kinapoanza na dakika 15 zinapotea. Mwamshe mkubwa kwanza. Mdogo anayenyonya aachwe mpaka uji uive, kwa kuwa akiamka kabla, mikono miwili ya mama imebaki mmoja.

Baba naye apewe kazi yenye jina. Kumwambia "saidia" hakutoshi; atasimama mlangoni akiulizia soksi zake. Ama moto ni wake tangu saa 11 na nusu, ama kuvalisha ni kwake. Nyumba yenye dada wa kazi hesabu ni ile ile, mmoja jikoni na mmoja kwa watoto, wasibadilishane katikati.

Ratiba hii yote inaanguka watoto wakilala saa 4 usiku. Mwenye miaka mitatu au minne anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, na anayeamshwa saa 12 kasorobo lazima awe amelala saa 1 na nusu usiku.

Julai na Agosti ni miezi ya vumbi na vikohozi. Mafua ya kawaida na pua inayotiririka hayamzuii mtoto kwenda shule. Kinachopimwa ni pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, inua nguo na uhesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika nzima, ukitazama simu. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi ni haraka. Miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Chini ya miezi miwili, ni 60 au zaidi. Akifika hapo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya na kunywa, ni zahanati siku hiyo hiyo, usimsubirie dawa ya kikohozi. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja.

Sweta za shule ziwe mbili kwa kila mtoto, mtumba wa soko la Mwanjelwa unatosha ukipata rangi inayolingana. La wiki nzima lifuliwe Jumamosi kabla ya saa 4, lisinyongwe, likamuliwe ndani ya taulo kuukuu, lianikwe likiwa limelazwa juu ya kamba mbili zilizokaribiana ili lisirefuke mikono. Lianuliwe saa 10 jioni hata kama bado lina unyevu, kwani likilala nje litakuwa limelowa umande. Jumapili lirudi juani saa 3. Ukikuta kwapa bado ni baridi ukiligusa Jumapili jioni, avae lile la pili Jumatatu.