Kwa nyie mliochukua mtoto wa ndugu akiwa tayari kijana

Niseme tu mapema, mtoto wa miaka 13 anayekuja kwako kutoka nyumba ya ugomvi na pombe sio sawa na uliyemlea tangu anatambaa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani nikimpa kitanda, sare za shule na upendo atatulia. Wiki mbili za mwanzo alikuwa mpole kupitiliza, ugeni ule, baada ya hapo nikisema twende huku yeye anaenda kule.

Natamani ningeambiwa kwamba ule ukaidi mwingi anakupima. Ameshazoea kutupwa kwa ndugu huyu mara yule, sasa anataka ajue na wewe utamfukuza lini, kwake bora umfukuze mapema kuliko akae anasubiri. Kwahiyo kauli ya "nitakurudisha ulikotoka" ifute kabisa mdomoni. Mimi niliitoa mara moja, nimechoka, ameniita mwongo mbele ya wageni. Usiku naingia chumbani kwake kuchukua nguo chafu nakuta begi limefungwa zipu liko mlangoni, viatu vimepangwa juu yake, yeye kalala na jinzi. Hakulia wala hakuuliza, alikuwa anasubiri kukuche tu aondoke. Nilimwamsha nikamwomba msamaha, nikamwambia hapa huondoki hata uniudhi vipi. Akageukia ukutani. Nguo ziliendelea kukaa kwenye begi miezi mingi na sikuzigusa, kabati lake nikaliacha tupu linamsubiri.

Halafu kelele. Ukipandisha sauti na yeye anapandisha, na kwa kelele anakuzidi uzoefu, amekulia humo. Mwili wake ukisikia mlango umebamizwa unajiandaa kupigana au kukimbia kabla hajafikiri, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayozuia hasira haikomai mpaka mtu afike miaka 20 na kitu. Sema mara moja, kwa sauti ya chini, ondoka, mtamalizana akishapoa. Fimbo sishauri kabisa, alishachapwa sana kabla hajaja na alichojifunza ni kudanganya vizuri.

Sheria ziwe chache. Sisi tulibaki na tatu: kurudi nyumbani muda tuliokubaliana, simu inalala sebuleni, hakuna kupiga mtu. Chumba kichafu, kununa, kujibu kwa mkato, niliviacha vipite na ndugu walinisema sana. Ila hizo tatu akivunja adhabu ni ileile, niwe nimefurahi au nimekasirika, na mimi na mume wangu kauli moja, maana akiona ufa kati yenu anapita hapohapo.

Kama anajiumiza au anaongelea kufa, huo si ukaidi, siku hiyohiyo mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha.

Na mama yake usimseme vibaya, hata kama ya kusema unayo. Wa kwetu akiongea na mama yake kwa simu, siku mbili zinazofuata ni vurugu, anagoma shule, anapasua vikombe. Nilitaka kuzikata zile simu, baadae nikaelewa anamlilia mama yake na kulia hajui. Siku hizi simu ikiisha namwita tufue wote, simuulizi kitu, na maneno mara nyingi yanatoka yenyewe pale kwenye beseni, macho yake yakiwa kwenye povu.