Kale kagurudumu ka namba karibu na usukani ni ka nini?

Nyie mnaoanza kuendesha usiku huku Kigoma, kuna kitu madogo wengi unawapa gari na hawajui hata kazi yake, kale kagurudumu kadogo pale kwenye dashibodi karibu na usukani, kamechorwa taa halafu kana namba. Kwenye gari zingine ni 0 mpaka 3, Toyota nyingi ni 0 mpaka 5. Kanapandisha na kushusha mwanga wa taa za mbele ukiwa umekaa zako ndani. Sasa hapa ndo wengi wanachemka, wanadhani ukiweka namba kubwa taa inamulika mbali. Ni kinyume kabisa, 0 ndo juu na kila ukiongeza namba mwanga unashuka.

Sababu ni mzigo. Umepakia Probox pale Kibirizi, magunia ya dagaa mpaka yanaziba kioo cha nyuma, springi zimelala, pua imenyanyuka, unaitafuta Kasulu usiku. Umeweka dimu yako (taa za chini) vizuri lakini kila unayekutana naye anakupigia fulu (taa za juu), na wewe unaona anakuletea dharau unamrudishia. Mdogo wangu, huyo anachokiona kwako ni fulu! Na wewe mwenyewe unaumia maana mwanga umeenda kwenye matawi ya miembe, mwenda kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi pembeni ya lami unamuona umeshamfikia.

Kwa gari za 0 mpaka 3 mpangilio kwa kawaida uko hivi: peke yako au na mtu mmoja mbele, 0. Siti zote zimejaa, 1. Siti zimejaa na buti limejaa, 2. Ile 3 ni ya dereva peke yake na buti limejaa, na watu wanabishaga sana hapo, eti gari yenye watu watano na mzigo si ndo nzito zaidi? Nzito sawa, ila ukiwa peke yako uzito karibu wote uko nyuma, mbele hamna wa kuikandamiza pua. Gari za 0 mpaka 5 angalia kitabu chake, kama ni cha Kijapani basi tumia ukuta.

Ukuta ni hivi. Giza likiingia simamisha gari tupu sehemu tambarare, upepo wa tairi uwe sawa, namba iwe 0, washa dimu. Utaona mstari ambapo mwanga unaishia, kulia umelala na kushoto unapanda kidogo, ule wa kushoto ni wa kumulika pembeni ya barabara. Ukiwa mita 10 kutoka ukutani, ule uliolala unatakiwa uwe chini ya usawa wa balbu kwa kama sentimita 10 hivi. Halafu zungusha kagurudumu taratibu, utasikia mota zinalia zzz na mistari inashuka yote miwili. Ikishuka mmoja, mota ya upande wa pili imekufa au waya umekatika, mpelekee fundi umeme. Mstari ukiwa juu hata gari ikiwa tupu, hapo kuna skrubu nyuma ya taa, hiyo ndo ya kurekebisha, kagurudumu ni ka mzigo tu.

Ukikuta gari haina kagurudumu na taa ni za zenoni usishangae, nyingi zinajipanga zenyewe, kuna sensa huko chini kwenye mkono wa springi za nyuma. Barabara zetu za vumbi na mawe zinaikata sana.

Kuna jambo kagurudumu hakatibu. Balbu za LED za kuchomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida, mwanga unatawanyika kila upande hata ushushe mpaka mwisho. Na gari zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha upande wa kulia wa barabara, kama hapo Burundi ukishavuka Manyovu, mstari wake unapanda kulia, yaani huku kwetu unaingia moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Hiyo unabadilisha taa yenyewe.