Usimpe mtu ufunguo kwa sababu umechoka

Kwa miaka sita sasa ninatunza, bila malipo na kwa saa za jioni baada ya kazi, programu huria ndogo (ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha) ya hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa: hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii. Ilianzia kwa kikundi kimoja cha akina mama wauza dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, ikaenda Ujiji, ikafika Kasulu, na kadiri ilivyoenea ndivyo watu nisiowafahamu walivyoanza kuniletea viraka, yaani marekebisho ya msimbo wanayoyaandika wenyewe na kuomba yaingizwe.

Nilifurahi, kisha nikalemewa. Mwaka wa tatu nilihesabu viraka 47 vilivyokuwa vinasubiri, na kikongwe kuliko vyote kilikuwa na miezi 11. Kilikuwa cha mistari minne tu. Kijana mmoja wa Kasulu alikuwa amegundua kwamba mkopo uliotolewa tarehe 31 ulitozwa riba ya mwezi wa ziada pale mwezi unaofuata ulipokuwa na siku 30, akalirekebisha kosa hilo na kuambatanisha jaribio la kulithibitisha. Kukisoma kulinichukua dakika kumi. Nilipomwandikia hatimaye kumshukuru hakujibu, na hajaleta kingine tangu hapo. Nyuma ya kila kiraka kinachosubiri kuna mtu aliyebisha hodi akaachwa barazani, na watu hawakai barazani mwaka mzima.

Kosa langu la pili lilizaliwa na hilo la kwanza. Mtu mmoja aliyekuwa ameleta viraka vitatu vizuri alijitolea kunisaidia kupunguza rundo, akaomba ruhusa ya kuingiza mabadiliko moja kwa moja. Nilimpa baada ya wiki mbili, nikiwa sijamjua vya kutosha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Usiku mmoja aliingiza viraka 19, na viwili kati ya hivyo viligusa hesabu ya faini kwa namna iliyofanya kila faini ihesabiwe mara mbili. Jumamosi iliyofuata mweka hazina wa kikundi kimoja cha Ujiji alinipigia simu wakiwa mkutanoni. “Mwanangu,” akasema, “daftari linasema faini ni elfu mbili, simu inasema elfu nne. Niwaambie wenzangu lipi?” Nilimwomba afuate daftari. Yule msaidizi hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilimkabidhi mzigo ambao sikuwa nimemfundisha kuubeba.

Wapo waliokutana na mwenye nia mbaya. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, yalikuwa yamepachikwa mlango wa siri, yaani njia iliyofichwa ya kuingilia kompyuta bila ruhusa. Aliyeupachika alijiita Jia Tan, na alikuwa ameujenga uaminifu wake kwa zaidi ya miaka miwili kwa kuleta viraka halali. Mtunzaji wa asili, Lasse Collin, alikuwa akiifanya kazi hiyo karibu peke yake na bila malipo, na katika kipindi hicho walijitokeza watu wasiojulikana waliomlaumu hadharani kwa kuchelewesha viraka na kumshinikiza aongeze mtunzaji mwingine. Mlango huo uligunduliwa na mhandisi wa programu, Andres Freund, aliyeshangaa kuona kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Ninapoisoma habari hiyo, linalonigusa zaidi ni kwamba rundo la viraka lenyewe ndilo lililogeuzwa silaha dhidi ya mtu aliyechoka.

Akina mama wa Kibirizi walikuwa na utaratibu wa kutomwachia mtu mmoja kila kitu kabla yangu. Sanduku la kikundi chao lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na wanachama watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani hana hata ufunguo mmoja. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Nasi sasa tunafanya hivyo hivyo: hakuna kiraka kinachogusa fedha kitakachoingia bila kusomwa na watu wawili wasiokuwa mwandishi wake, na sharti hilo linanihusu hata mimi niliyeianzisha programu.

Ruhusa nayo huja kwa hatua. Mchangiaji mpya kwanza anasoma viraka vya wenzake na kuandika maoni yake, kwa sababu namna mtu anavyosoma kazi ya mwingine humweleza vizuri kuliko namna anavyoandika yake. Baadaye anapewa sehemu moja, kwa mfano tafsiri au uchapishaji wa ripoti, na sehemu ya hesabu hubaki ya mwisho. Asiyeonekana kwa mwaka mzima ruhusa yake huondolewa kwa barua ya shukrani, naye akirudi hurudishiwa.

Kuhusu rundo lenyewe, ushauri wangu ni kwamba ujifunze kusema hapana mapema. Kiraka usichokitaka kikatae ndani ya wiki moja, kwa sababu iliyoandikwa wazi na kwa heshima, maana ukimya wa miezi sita humuumiza mtu kuliko kukataliwa. Kiraka kirefu kinachochanganya mambo, mathalani kile kilichobadilisha majina ya vigeu (vishikilia thamani ndani ya msimbo) mia moja na kurekebisha kosa moja katikati yake, mrudishie mwenyewe akigawe, kwa kuwa hakuna msomaji atakayeliona kosa lililofichwa humo, liwe la bahati mbaya au la makusudi. Vidogo vyenye majaribio visome kwanza hata kama vimefika mwisho.

Jumapili jioni sasa tunakaa watu watatu, wawili Kigoma na mmoja Kasulu kwa simu, tukavipitia vyote kimoja kimoja. Wiki hii vimebaki saba, na kimoja kati yake, kinachobadilisha mgawanyo wa hisa mwishoni mwa mwaka, tumekiacha kisubiri hadi mweka hazina wa Ujiji akijaribu sambamba na daftari lake.