Buti ya 39 au ya 40?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu hapa Jinja. Desemba nitapanda Mlima Elgon na walimu wenzangu, tunataka kufika kilele cha Wagagai. Viatu vyangu vya kazini ni namba 39. Pale soko la Owino, Kampala, nimejaribu buti mbili za mitumba: ya 39 inanigusa vidole, ya 40 naona inacheza kisigino. Muuzaji anasema nichukue ya 39, eti ngozi itapanuka. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ya 39 iache.

Ngozi hulegea ubavuni tu. Urefu umeshikwa na soli, hauongezeki hata uvae mwaka mzima. Tena kinachoumiza vidole si kupanda, ni kushuka. Wagagai ina mita 4,321, na kurudi Budadiri, mji wa chini tunakoanzia safari, ni mteremko wa zaidi ya mita 2,000. Kila hatua mguu unasukumwa mbele. Nilipokuwa mbeba mizigo huko, mgeni mmoja alinipa buti zake nzuri, pungufu kwangu kwa namba moja. Nilifurahi sana, nikashuka nazo. Kucha za vidole gumba zote mbili ziligeuka nyeusi, baadaye zikang'oka. Sitaki yakupate hayo.

Rudi Owino jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani utavimba hivyo hivyo. Nenda na soksi nene utakazopandia. Ingiza mguu katika ile ya 40 bila kufunga kamba, usukume mpaka vidole viguse mbele. Kidole chako cha shahada kikipenya nyuma ya kisigino, urefu unatosha. Pima miguu yote miwili; mara nyingi mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, na ndio wa kuufuata.

Kisha rudisha kisigino nyuma kabisa, ufunge kamba, ukikaza pale kifundoni kuliko penginepo. Tafuta ngazi, ushuke na kupanda mara kadhaa. Kati ya 39 na 40 tofauti haifiki milimita 7. Soksi nene na kamba iliyokazwa vizuri huimaliza. Kisigino kikiendelea kuinuka, buti hiyo si yako. Usirudi kwenye 39, jaribu ya kiwanda kingine, kwani 40 ya huyu si 40 ya yule.

Kwa kuwa ni mitumba, toa soli ya ndani uitazame. Utaona alama ya mguu wa mwenyewe wa kwanza. Ikiwa vidole vyake vilichimba mahali tofauti kabisa na vyako, kiatu kimeshajifunza mguu wa mtu mwingine. Kunja na soli ya nje: gundi iliyozeeka hufunguka pembeni, na huko juu hakuna fundi.

Waliokwenda Rwenzori watakuambia uchukue gambuti. Kule ni kweli, kuna matope ya kufika magotini. Elgon mwezi wa Desemba mvua huwa zimepungua, buti inatosha.

Ukishainunua, ivae kwenda shuleni wiki tatu nzima. Ikikuchubua, utajua ungali Jinja, na una muda wa kutafuta nyingine. Kucha zikate siku mbili kabla ya safari, usingoje usiku wa kuamkia kupanda.